Voliumu Inayokwaruza: Mafunzo Niliyopata kwa Ampu za Mji wa Kale

Sisi mafundi wa redio wa Mombasa twalishwa na bahari, ingawa hatuendi kuvua. Hewa yake huingia ndani ya ampu za gitaa, ikala chuma taratibu, na mwenye ampu akaja mlangoni na neno lile lile: "Shekhe, voliumu yakwaruza." Benchi langu liko Kibokoni, katika chumba cha chini kinachotazama kichochoro, na wanaoniletea kazi ni watu wa kila namna: vikundi vya taarab vya Mji wa Kale, vijana wa bendi za hoteli za Nyali na Diani, wapigaji wa makanisani kutoka Tudor na Mikindani, na watoto wa Majengo walionunua gitaa lao la kwanza juzi. Ampu zilizoungua ni chache. Zinazokwaruza ndizo nyingi, na ndizo zinazoumizwa zaidi na watu waliotaka kuzitibu.

Mombasa duka la redio na muziki vimekaa pamoja tangu zamani. Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilirekodi na kuuza kanda za taarab, na jina lake likabaki vile vile, la duka la redio. Fundi wa hapa hukua akimsikia Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Maulidi Juma huku chuma cha kulehemu ki mkononi. Niliyojifunza mimi nimeyapanga kwa nambari, lakini uzito wake haulingani; mengine ni ya kupita tu.

1. Sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Mikwaruzo ina aina zake, na kila aina ina makao yake. Upo unaosikika pale tu unapozungusha kishikio, na ukiacha nao huacha. Upo unaokaa mahali pamoja, tuseme kati ya nambari tatu na nne, na kwingine kote voliumu ni safi. Upo unaosikika hata kishikio kikiwa hakijaguswa, ukija na kuondoka kila mpiga besi akikanyaga jukwaa. Na upo ule mbaya, unaosikika kila unapozungusha, mwanzo hadi mwisho, hata gitaa likiwa limechomolewa.

Wa kwanza kwa kawaida ni uchafu na kutu. Wa pili ni ulaji: kaboni imechubuka pale ambapo mwenyewe huiweka voliumu kila siku. Wa tatu haumo kwenye voliumu kabisa, nitaufikia. Wa nne ni umeme uliopotea njia, na huo una somo lake peke yake.

Kabla ya yote hayo, hakikisha mkwaruzo ni wa ampu. Gitaa lenyewe lina voliumu yake na toni yake, na zimekaa karibu na jasho la mkono kuliko za ampu. Chomeka gitaa lingine kwa waya mwingine, piga sauti ya kuendelea, kisha uzungushe voliumu ya ampu polepole. Nimeshawarudisha watu nyumbani na ampu zao bila kuzifungua, nikabaki na gitaa. Wengine hukasirika kidogo, maana ampu wameileta kwa tuktuk na nauli wameshalipa.

2. Chumvi haihitaji mvua

Ukitaka kuelewa kwa nini voliumu za kisiwani hufa upesi kuliko za Nairobi, fungua moja iliyokufa. Ndugu zetu wa vitabuni huiita potenshiometa. Benchini ni voliumu, iwe inaongoza sauti, besi au toni. Ndani yake mna utepe mweusi wa kaboni uliopinda karibu duara zima, na juu ya utepe huo hutembea ulimi wa chuma chembamba chenye springi. Miguu mitatu hutoka nje: miwili ya ncha za utepe, mmoja wa ulimi. Ulimi ukisogea, sauti hupanda au hushuka. Kila kitu kinategemea mguso huo mdogo wa chuma juu ya kaboni.

Katika voliumu ya kisiwani utaona mambo mawili. Ulimi umefifia, umepoteza mng'aro, na pale miguu ilipobanwa kwenye utepe kuna unga wa kijani. Pili, grisi ya shafti imegeuka gundi ya rangi ya kahawia iliyonasa vumbi la bati, nyuzi za pamba na chembe za kaboni yenyewe. Ulimi ukipita juu ya mseto huo, mguso hukatika na kurudi mara nyingi kwa nukta moja, na spika hutoa mlio kama mchele unaopepetwa kwenye ungo.

Chumvi ya hewani ndiyo mchochezi. Punje ya chumvi hunyonya maji ya hewa na kuyeyuka yenyewe unyevu unapofika kama asilimia 75, na kisiwa hiki, kilichozungukwa na maji pande zote, hupita kiwango hicho asubuhi nyingi za mwaka, iwe kaskazi au kusi. Kwa hiyo chumvi iliyotua ndani ya ampu Januari haingoji mvua ya masika ndipo iharibu. Huloa usiku, hukauka mchana, na kila ikiloa hula kidogo.

Lakini lililonifungua macho zaidi ni kalenda ya kazi yangu. Baada ya vunja jungu, Ramadhani ikiingia, harusi husimama na taarab hunyamaza. Ampu hufunikwa pembeni ya chumba mwezi mzima. Mfungo Mosi ukiandama, harusi hufululiza, na ghafla mlango wangu haufungiki: ampu zote zakwaruza, hata zile zilizokuwa nzima mwezi wa Shaabani. Hakuna aliyezipiga wala kuzimwagia maji. Zilikaa tu. Ulimi unaotembea kila siku hujifuta wenyewe juu ya utepe. Uliokaa pahali pamoja huota kutu. Ndiyo maana katika ampu moja utakuta voliumu kuu ina unafuu na kile kishikio cha mwangwi, ambacho hakuna anayekigusa, kikwaruza kuliko vyote.

3. Ampu ya valvu hukumbuka umeme

Hili ni fupi, na halina mjadala. Ampu za valvu huweza kuwa na volti zaidi ya 400 ndani, na kapasita zake kubwa za umeme huweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Nachomoa plagi, nangoja, kisha naunganisha kapasita na bodi ya chuma kupitia rizista kubwa iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi nzima, halafu napima kwa mita mpaka inisomee karibu na sifuri. Mkono mmoja unafanya kazi, wa pili uko mgongoni. Asiyejua kufanya hivyo asifungue ampu ya valvu. Ampu za transista hazina volti nyingi hivyo, ila pale waya wa stima unapoingia ni volti 240 zile zile.

Na kwa kuwa tuko kwenye stima: ampu zilizotumika zinazotoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, mambo ya voliumu yatakuwa madogo.

4. Dawa huingia mlangoni, haiingii dirishani

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kung'oa kishikio cha nje na kupuliza dawa kwenye shafti. Dawa huteremka na grisi ile ya gundi, ikaisukuma hadi ndani kwenye utepe. Voliumu inakuwa nzuri kwa siku chache kisha huharibika kuliko mwanzo. Mlango wa voliumu uko nyuma: juu ya ile miguu mitatu kuna upenyo mwembamba kati ya bati na ubao wa kahawia. Pale ndipo mrija wa dawa unapoelekezwa. Maana yake lazima bodi itoke kwenye boksi, na hapo ndipo wengi huchoka.

Dawa yenyewe nayo ina mambo. Kila nyumba Mombasa ina mkebe wa WD-40, na kila kijana anayeniletea ampu ameshaitumia. Sina ugomvi nayo. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na bawaba za milango yetu zaishukuru. Lakini ile ya mkebe wa kawaida huacha mafuta, na mafuta juu ya kaboni huokota vumbi. Upande wa pili kuna dawa kali za kukausha, ambazo huosha kila kitu pamoja na ile grisi nyepesi inayoufanya ulimi uteleze. Voliumu iliyooshwa hivyo huwa safi na nzito, na chuma kikavu huanza kuchuna kaboni. Niliwahi kuuziwa mkebe dukani, nikaambiwa ni wa umeme, kumbe wayeyusha plastiki. Nashukuru niliujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, kikalainika mbele ya macho yangu.

Inayotakiwa ni ile dawa ya kusafishia migusano ya umeme inayoacha utando mwembamba wa kulainisha, na iliyoandikwa kwamba haidhuru plastiki. Yaandikwe hayo kwenye mkebe wenyewe. Mdomo wa muuzaji hautoshi.

Namna ya kuitumia ni hii. Ampu imezimwa, imechomolewa, umeme umetolewa. Kitambaa kinawekwa chini ya voliumu kunasa kinachotiririka. Puliza kidogo, tone la haja tu. Kisha zungusha shafti kutoka mwanzo kabisa hadi mwisho kabisa, mara nyingi, bila haraka. Mzunguko ndio unaosafisha, dawa ni ya kulegeza tu. Rudia mara moja. Acha ikauke, kwa kuwa hewa ya mikebe mingi hushika moto, na ndipo uwashe.

Kijana mmoja wa bendi ya hoteli aliniletea ampu ikinuka dawa toka mlangoni.

"Ami, nimeimalizia mkebe mzima na bado."

"Umezungusha?"

"Kuzungusha vipi?"

Nilimpa kiti, nikamwambia azungushe vishikio vyote mwenyewe mpaka nimalize kahawa yangu. Nilikuwa na birika la kahawa tungu, na sikuwa na haraka. Alipowasha, vishikio vyote vilinyamaza isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichostahili kuletwa kwa fundi.

5. Mkwaruzo usiosikia dawa

Hapa ndipo penye utamu wa kazi, kwa hiyo niwie radhi nikikaa.

Kuna ampu ya valvu ya kikundi kimoja cha taarab, kongwe kuliko mpigaji wake, iliyofika kwangu baada ya kupita mikono mingi. Voliumu ilishapulizwa, ikabadilishwa kwa mpya, ile mpya nayo ikapulizwa. Bado yakwaruza. Mwenye ampu alikuwa ameshaamua kwamba ina jini. Nilimwomba achomoe waya wa gitaa, nikazungusha voliumu: krr, krr, mwanzo hadi mwisho, pasi na gitaa. Nikamwambia jini wake ana jina, na mita itatuonyesha.

Sauti ya gitaa husafiri ndani ya ampu ikiwa umeme wa kwenda na kurudi, nao hupanda kwenye mgongo wa umeme mkubwa wa upande mmoja unaoendesha valvu. Kabla sauti haijafika kwenye voliumu, ni lazima itenganishwe na umeme huo mkubwa. Kazi hiyo ni ya kapasita ndogo iliyokaa katikati ya valvu na voliumu. Upande wake mmoja una volti mia na zaidi. Upande wa pili panatakiwa pawe na sauti tupu, bila volti ya kusimama hata moja. Kapasita ikizeeka, au ikila unyevu wa pwani kwa miaka, huanza kuvuja. Umeme wa kusimama hupenya na kukaa kwenye utepe wa voliumu. Hapo kila ulimi unaporuka juu ya punje ndogo ya kaboni, ule umeme hukatika na kuunganika, na spika husema krr. Utepe mpya hausaidii, maana hata utepe safi una vijibonde ambavyo kwa sauti tupu huvisikii.

Kupima ni rahisi, kwa anayejua kukaa na ampu iliyo wazi na inayowaka. Mita huwekwa kwenye volti za upande mmoja. Waya mweusi kwenye bodi ya chuma, mwekundu kwenye mguu wa voliumu unaopokea sauti. Isome sifuri au karibu sana na sifuri. Sehemu ndogo ya volti yatosha kusikika. Ikifika volti nzima, hakuna haja ya kujadili. Ya yule bwana ilisoma volti kadhaa, na ilikuwa ikipanda kadiri ampu inavyopata moto.

Kabla ya kuilaumu kapasita, kuna mshukiwa wa pili: valvu inayofuata baada ya voliumu. Valvu iliyochoka huweza kurudisha umeme nyuma. Unazima, unaichomoa, unawasha na kupima tena. Volti ikitoweka, valvu ndiyo mkosa; ikibaki, ni kapasita. Ilibaki. Niliikata ile kongwe, nikalehemu mpya ya mikrofaradi 0.022 inayostahimili volti 630, nikafunga. Voliumu ilizunguka kimya. Mwenye ampu alizungusha tena na tena, akaniangalia, akazungusha tena.

"Basi zile voliumu nilizonunua?"

"Ziweke. Zitakufaa."

Kapasita yenyewe ni ndogo kuliko kidole cha mwisho, na bei yake ni chini ya ile mikebe ya dawa iliyopulizwa bure. Pia, kuiacha si kuvumilia mkwaruzo tu: umeme uliovuja husukuma valvu inayofuata ifanye kazi kupita kiasi, na ikiwa ni valvu kubwa za mwisho, sahani yake huwaka nyekundu mpaka ife, na huenda ikaondoka na transfoma. Kwenye ampu za transista ugonjwa ni ule ule, ila volti ni ndogo na kapasita ni zile za mkebe wenye maji ya dawa ndani, ambazo joto letu huzikausha.

6. Voliumu husingiziwa

Ampu za hapa husafiri. Ya harusi hutoka Kibokoni hadi Kisauni kwa tuktuk, ikapandishwa ngazi za nyumba kwa kushikwa popote panaposhikika, na mara nyingi panaposhikika ni kwenye vishikio vya mbele. Ya hoteli za kusini huvuka feri ya Likoni ikipigwa na upepo wenye chumvi. Mkokoteni nao una mashimo yake ya barabara. Siku hizi voliumu nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, na bodi hiyo ndiyo inayozibeba. Ukigonga kishikio, lehemu ya mguu hupasuka kwa ufa ambao macho matupu hayauoni. Sauti huja na kwenda, na mtu husema voliumu mbovu.

Nikiwasha taa na kuweka lenzi, hutafuta duara jeusi jembamba kuzunguka mguu. Nikiliona, nainyonya lehemu ya zamani yote, naweka mpya. Kuongeza lehemu juu ya ufa hakudumu. Na zile nati za nje zinazobana shafti kwenye bati, zikilegea, bodi hubaki kuning'inia kwa miguu ya voliumu. Nati mbili tatu zilizokazwa huokoa ampu nyingi, kazi ambayo mwenyewe angeifanya kwa koleo nyumbani. Siwaambii wote.

Tundu za waya nazo ni wezi. Ampu nyingi zina tundu mbili nyuma zilizoandikwa "Send" na "Return", za kuunganisha vifaa vya mwangwi. Hakuna anayezitumia, lakini sauti yote hupita humo, kwenye kijichuma kinachogusana tu pale tundu lisipochomekwa kitu. Kijichuma hicho kikipata kutu, sauti hukwaruza, hufifia, hurudi kwa kishindo ukipandisha voliumu, na kila mtu huapa ni voliumu. Chukua waya mfupi wa gitaa, chomeka ncha moja "Send" na nyingine "Return". Sauti ikisimama sawa, umeshamkamata. Dawa kidogo kwenye plagi, uichomeke na kuichomoa mara kadhaa, na kwa kawaida huwa imekwisha.

7. Herufi iliyo mgongoni mwa voliumu

Utepe ukishachubuka, dawa haioteshi kaboni. Ni kubadilisha. Na hapa watu huangalia nambari tu: imeandikwa 1M, wananunua 1M. Herufi iliyo kando wanaiacha. Kwenye voliumu nyingi za sasa kutoka Asia, A ni ile inayopanda polepole mwanzo kisha kwa kasi, na B inapanda sawasawa. Sikio la binadamu halipimi sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo voliumu ya sauti huwa A. Ukiweka B, sauti yote hujaa katika robo ya kwanza ya mzunguko, na sehemu yote iliyobaki haina kazi.

Kwa mpigaji wa roki hilo huenda likapita. Kwa taarab ni msiba. Hapa mwenye kiti ni mwimbaji na maneno yake; mtu amekuja kusikia fumbo linamwendea nani. Udi au gitaa lazima likae chini ya sauti yake, lichomoze kwenye kiitikio, lirudi chini tena, na mpigaji hufanya hayo kwa kusogeza voliumu kidogo sana. Taishokoto ndiyo yenye shida zaidi. Chombo hiki cha Kijapani, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912 na kupita India, Mombasa kilipata makao kwenye taarab za akina Zuhura Swaleh, na kikishaunganishwa na ampu sauti yake ni kali, yakata. Mpe mpigaji wa taishokoto voliumu ya B na mwimbaji atakuulizia wewe fundi kwa jina.

Usiiamini herufi peke yake, kwa sababu voliumu za zamani za Ulaya hazikufuata mpango huu. Pima. Weka shafti katikati kabisa, kisha pima kutoka mguu wa ulimi hadi mguu wa upande wa chini. Ikisoma nusu ya jumla, ni B. Ikisoma kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, ni A.

Mengine ni ya macho: urefu wa shafti, umbo lake, ikiwa ya meno, duara au iliyokatwa upande mmoja, na ikiwa ni moja au mbili zilizobebana. Piga picha kwa simu kabla ya kukata waya wowote. Kisha nenda dukani na ile mbovu mkononi. Isipopatikana mjini, madereva wa basi wamezoea kuleta vifurushi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na voliumu haina uzito wa kumsumbua mtu.

8. Leso kuliko nailoni

Watu hufunika ampu kwa nailoni wakidhani wanaikinga na unyevu, na nailoni hiyo huufungia unyevu ndani. Leso kuukuu ni bora. Vumbi halipiti, hewa yapita. Usiiweke chini ya dirisha linalotazama bahari. Iwashe mara kwa mara hata kama hakuna shughuli, joto lake hukausha ndani, na uzungushe kila kishikio mwanzo hadi mwisho, hasa vile usivyovitumia. Ramadhani, baada ya tarawehe, ni dakika chache tu. Wanaofanya hivyo siwaoni Mfungo Mosi, na heri yao.

9. Kishikio kisicho na utepe

Vijana sasa wanakuja na vinanda na ampu za dijitali, na malalamiko yamebadilika. Hazikwaruzi, zinaruka. Unazungusha kidogo, sauti inatoka kumi hadi ishirini, au unapandisha nayo yashuka. Ukifungua hukuti utepe wa kaboni. Ndani mna sahani yenye migusano midogo inayohesabu hatua za mzunguko na kuzipeleka kwa kompyuta ya chombo, na kutu ile ile ya kisiwa ikifunika mgusano mmoja, kompyuta huhesabu vibaya. Unajua ni hicho kwa kuwa kinazunguka bila mwisho na kina vijigoto ambavyo kidole huvihisi.

Dawa ni ile ile na mzunguko ni ule ule, ila puliza kidogo zaidi, kwa kuwa chini yake kuna kitufe cha kubonyeza kisichopenda kuloa. Nusu yavyo hupona. Kisichopona hubadilishwa kizima, na kabla ya kununua kingine hesabu miguu: kwa kawaida ni mitatu upande mmoja ya mzunguko, na miwili upande wa pili ya kitufe. Kisha hesabu vijigoto vya mzunguko mmoja mzima, kwa kuwa kikiwa na hatua tofauti na za kile cha zamani, menyu ya kinanda itaruka mistari na mteja atarudi.